Saa ya Stan: muda kama fani katika Block-Heads

Wapenzi wa sinema za zamani wakianza kuhesabu kazi bora za Stan Laurel na Oliver Hardy, hawachelewi kutaja The Music Box ya 1932, ile ya kupandisha piano ngazini, kisha Sons of the Desert ya 1933, kisha Way Out West ya 1937. Block-Heads, iliyotoka Agosti 1938, huja baadaye, tena mara nyingi kwa sentensi moja: inachekesha, ila inachoka kuelekea mwisho. Hukumu hiyo ina ukweli wake na nitaifikia. Lakini inalipita mbio jambo kubwa zaidi. Muda, ambao siku zote ulikuwa zana ya kazi ya wawili hawa, ndani ya filamu hii umegeuzwa kuwa kisa chenyewe.

Kabla ya wao kuunganishwa katika studio ya Hal Roach mwaka 1927, vichekesho vya sinema za Marekani viliendeshwa kwa kasi. Mtu anaanguka, anainuka, anafukuzwa na polisi, gari linapinduka, na mtazamaji hapewi nafasi ya kupumua. Leo McCarey, aliyesimamia filamu zao nyingi za mwanzo, akishirikiana na Laurel mwenyewe, aliupunguza mwendo huo mpaka ukawa karibu na kusimama. Katika Big Business ya 1929, wauza miti ya Krismasi na mwenye nyumba mmoja wanaharibiana mali, nyumba kwa gari, lakini kila mmoja anangoja zamu yake. Anayeharibiwa husimama akatazama uharibifu mpaka mwisho, akautafakari, ndipo naye akatafuta cha kuvunja. Kicheko hakitoki kwenye kuvunjwa kwa taa ya gari. Kinatoka kwenye zile sekunde ambazo mwenye gari anaiangalia taa yake ikivunjwa na hasogei.

Laurel ndiye aliyekuwa mhandisi wa sekunde hizo. Hardy alikuwa mwigizaji wa ajabu, lakini kamera ikizimwa alikwenda kucheza gofu. Laurel alibaki na waandishi, kisha akaingia chumba cha uhariri. Filamu zao zilipelekwa kwanza mbele ya watazamaji wa kawaida ili kujua wanacheka wapi na kwa muda gani, kisha zikakatwa upya kufuata kicheko hicho. Ndiyo maana Hardy anaigeukia kamera na kututazama kwa subira ya mtu aliyekwisha kuonewa vya kutosha: mtazamo ule unatupa nafasi ya kucheka, na unarefushwa au kufupishwa kulingana na tulivyocheka. Muda wa mtazamaji umeshonwa ndani ya muda wa filamu. Ukiitazama peke yako chumbani, bila umati, utaona sehemu zinazokaa kimya kidogo kuliko unavyotarajia. Kimya hicho ni kiti kilichoachwa kwa ajili ya watu waliojaza ukumbi.

Sasa tuingie kwenye handaki. Mwaka ni 1917, Ufaransa. Kikosi cha Wamarekani kinajiandaa kutoka kwenda kushambulia, na Stan anaamriwa abaki nyuma alinde mpaka atakapopokelewa zamu. Wenzake wanapanda juu, Ollie akiwa mmoja wao. Vita vinapita mbele ya macho yetu, amani inafika, dunia inasherehekea, miaka inayoyoma. Halafu tunarudishwa palepale. Ni 1938, na Stan bado yuko zamu.

Mkurugenzi, John G. Blystone, angeweza kutuonyesha ndevu ndefu na mavazi yaliyoraruka, alama ambazo kila mtu huzitumia akitaka kusema miaka imepita. Hakufanya hivyo. Stan ni yuleyule, uso wake laini, bunduki begani, anatembea kwenda na kurudi. Kilichobadilika ni ardhi. Nyayo zake zimeichimba njia anayopita mpaka imekuwa mfereji ndani ya handaki. Anakula maharage kutoka kwenye kopo, analitupa kopo, na kamera inatuonyesha lilikoangukia: kilima cha makopo, kikubwa kuliko nyumba.

Hapa nasisitiza, kwa sababu ndipo ilipo akili ya filamu nzima. Tumepewa saa mbili. Moja ni kina cha mfereji, ambacho kimepimwa kwa miguu. Nyingine ni urefu wa kilima, ambao umepimwa kwa tumbo. Miaka zaidi ya 20 imegeuzwa kuwa kitu chenye kina na kimo, kitu unachoweza kukishika. Wala si lazima mtu atamke neno. Tena vipimo hivyo viwili vinakwenda pande tofauti, kimoja kikizama na kingine kikipanda, na mtu aliye katikati yake hajasogea hata kidogo. Picha ikiwa na hesabu ya namna hiyo, mwigizaji haimpasi kuongeza kitu, na Laurel haongezi. Anaitembea njia yake kwa adabu.

Henri Bergson, katika kitabu chake cha 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba tunacheka tunapomwona mtu mwenye uhai akitenda kwa ugumu wa mashine. Stan akitembea ndani ya mfereji wake anaelekea kuthibitisha nadharia hiyo moja kwa moja. Kwangu mimi haitoshi. Mashine haina mtu wa kumtii. Stan amesimama pale kwa sababu mtu alimwambia asimame, na yeye alimwamini aliyemwambia. Huwezi kuucheka ujinga wake bila kuicheka pia imani hiyo, na ukishaanza kuifikiria imani, kicheko kinapata uzito ambao Bergson hakuutengea nafasi.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuliona jambo hili kuwa la kubuni tupu. Vita hivyohivyo vilipokwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck, pamoja na askari wake kutoka Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, lilikuwa bado linapigana katika ardhi ambayo leo ni kaskazini mwa Zambia. Habari iliwafikia siku mbili tatu baadaye. Walikabidhi silaha tarehe 25, huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa. Na miaka mingi baada ya filamu hii, mwaka 1974, Hiroo Onoda wa Japani alitoka katika msitu wa kisiwa cha Lubang, Ufilipino, alikokuwa akiendelea na vita vilivyokwisha 1945. Alikataa kutoka mpaka aliyekuwa mkuu wake alipopelekwa huko kumfutia amri kwa mdomo wake. Waandishi wa Block-Heads walikuwa wanatafuta kichekesho cha kupindukia, nao wakagusa jambo ambalo jeshi lolote hubeba ndani yake.

Stan hafutiwi amri na mkuu yeyote. Anaifyatulia bunduki ndege inayopita, na rubani ndiye anayemjulisha kwamba vita vimekwisha zamani. Picha yake inaingia gazetini. Ollie, ambaye sasa ana mke na anaadhimisha mwaka mmoja wa ndoa, anaisoma habari hiyo na kusema hawezi kufikiri kuna mtu mjinga kiasi hicho. Anatulia. Halafu anakumbuka kwamba anaweza kufikiri. Katika mapumziko hayo mafupi kati ya sentensi mbili Hardy anaweka urafiki wa miaka yote ile. Macho yanainuka kutoka kwenye gazeti, uso unalainika, na kabla hajatamka tunajua amemjua. Ujinga uleule aliokuwa akiushangaa ndiyo alama iliyomwezesha kumtambua rafiki yake.

Tunafika kwenye tukio ninalolihesabu miongoni mwa mambo makubwa waliyopata kuyafanya, na ambalo peke yake linatosha kuitoa Block-Heads kwenye orodha ya kazi za daraja la pili. Ollie anakwenda kumtafuta Stan kwenye makazi ya maaskari wastaafu. Stan, akitafuta mahali pa kukaa vizuri, ameketi kwenye kiti cha magurudumu cha mtu mwingine na kuukunja mguu mmoja chini yake. Ollie anatokea. Anaona kiti, anaona mguu mmoja, anaona pasipo na mguu. Anaamini rafiki yake alikatwa mguu vitani.

Tazama jinsi maarifa yalivyogawanywa. Sisi tunajua kila kitu, kwa sababu kamera ilituonyesha Stan akiukunja mguu. Ollie anajua kitu ambacho si kweli. Na Stan? Kichekesho cha kawaida kingemfanya Stan ajue, aichezee huruma ya mwenzake na kuifaidi. Kingine cha kawaida kingemfanya agundue upesi na kusahihisha. Filamu hii imechagua njia ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote kuigiza: Stan hajui kwamba kuna jambo la kujua. Mguu wake upo. Haujawahi kuwa suala. Rafiki yake aliyepotea miaka mingi amekuja, anamsemesha kwa upole ambao hajapata kuusikia kutoka kwake, na Stan anaupokea upole huo jinsi ulivyo. Anamuuliza Ollie kama anakumbuka jinsi alivyokuwa mjinga zamani. Ollie anakumbuka. Stan anamhakikishia kwamba siku hizi ana nafuu.

Kisha mwenye kiti anakitaka kiti chake, na Ollie analazimika kumbeba. Sote tunaujua mwili wa Hardy. Katika filamu zao zote uzito wake ndio mzigo: anavunja viti, anazama kwenye matope, anakwama madirishani, na Stan ndiye huhangaika kumsukuma na kumvuta. Hapa mzani umepinduliwa. Mnene anambeba mwembamba mikononi, anayumba, kofia inaanguka, anainama kuiokota huku amembeba mtu, anaanguka, anainuka, anambeba tena. Stan anastarehe mikononi mwake, mtulivu, akitazama huku na huku. Na kila mara Ollie anapomweka chini au kumwangusha, kila mara miguu yote miwili inapokuwa karibu kabisa kuonekana, kuna kitu kinachoyavuta macho ya Ollie upande mwingine.

Kwa hesabu ya fani, tukio hili lingekwisha baada ya sekunde 20. Siri yake ni ndogo mno, na haiwezi kufichika. Mguu uko hapo, unaning'inia. Laurel na wenzake wanalivuta, wanalivuta tena, wanapita mahali ambapo mtazamaji anadhani haliwezi kuvutika zaidi, na katika kuvuta huko maana inabadilika mikononi mwetu. Mwanzoni tunangoja Ollie agundue ili tucheke hasira yake. Baada ya dakika kadhaa tunaanza kutamani asigundue. Amekuwa mwema sana. Hatujawahi kumwona akiwa mvumilivu hivi kwa Stan, na tunajua kwamba wema huu umesimama juu ya kosa. Siku zote Ollie humpenda Stan kwa kumgombeza. Imebidi aamini kwamba mwenzake amelemaa ndipo aweze kumpenda waziwazi.

Ukweli unatoka. Ollie anaiona miguu miwili. Hardy hapigi kelele papo hapo. Anasimama, anatazama, anaruhusu safari nzima ipite usoni mwake kinyumenyume, kila hatua aliyobeba, kila alipoanguka. Ndipo anauliza kwa nini hakuambiwa. Stan anajibu kwamba hakuulizwa. Hakuna ujanja katika jibu hilo na Laurel halitamki kwa ujanja. Ni jibu la mtu aliyekaa handakini kwa sababu hakuambiwa atoke. Mantiki ileile iliyomweka zamu miaka yote ile ndiyo iliyomweka mikononi mwa Ollie: Stan hukaa alipowekwa mpaka mtu aseme vingine. Tukio la handaki na tukio la mguu ni tukio moja lililopigwa kwa mizani mbili, moja ya miaka na nyingine ya dakika.

Kinachofuata ni mfululizo wa uharibifu, na sina haja ya kukaa nao sana. Lori la tipa linaziba njia ya gari la Ollie. Stan anapanda kulisogeza, anagusa mtambo asioujua, na shehena yote ya udongo inamwagikia gari na mwenye gari. Mlango wa gereji unaojifungua wenyewe unaonyeshwa kwa fahari na kuishia kuvunjwa. Ni kazi safi ya mafundi wanaojua kazi yao. Mwendo ni wa Big Business: kitu kinaharibika, tunapewa nafasi ya kukitazama kikiwa kimeharibika, tunaendelea.

Ngazi ni habari nyingine. Nyumba ya Ollie iko ghorofa ya 13, na safari ya kupanda inageuka kuwa filamu ndani ya filamu. Wanapanda, wanakutana na James Finlayson, yule Mskoti mwenye masharubu na jicho la kununa aliyewasumbua kuanzia enzi za filamu zisizo na sauti; maneno yanazidi, na inakubalika kwamba mambo yamalizwe nje. Basi wote wanashuka. Wanaanza tena kupanda. Mtoto mmoja mtundu ana mpira, Ollie anaupiga teke unaporomoka chini, baba wa mtoto anatokea, na Ollie anateremka kuufuata. Kila ugomvi unalipwa kwa ghorofa. Handaki lilikuwa limelaza muda chini kama njia ya kwenda na kurudi. Ngazi zimeusimamisha wima, lakini ni mwendo uleule wa kwenda na kurudi bila kufika. Stan anaizoea hali hiyo mara moja, kwa kuwa maisha yake yote yamekuwa hivyo. Ollie ndiye anayehema.

Katikati ya kupanda huko inatokea sekunde chache ambazo zimewafanya watu wasiopenda chochote kingine katika filamu hii waikumbuke. Ukutani mwa ngazi pana kivuli cha pazia la dirisha. Stan, akipita, anaunyosha mkono, anakishika kile kivuli na kukivuta chini, nacho kinashuka. Anaendelea na safari. Ollie anabaki amekodoa macho. Baadaye Stan anafunga ngumi, anaijaza tumbaku kana kwamba ni kiko, anaiwasha, anaivuta kupitia kidole gumba, na moshi unatoka. Anatoa mfukoni bilauri iliyojaa maji na kunywa.

Wahakiki wengi huvipokea vitendo hivi kama mapambo, uchawi mdogo wa kupendeza uliotupwa hapa na pale. Mimi naviona vimo ndani kabisa ya kisa. Sheria za maumbile huwafunga wanaozijua. Ollie anajua kwamba kivuli hakishikiki, kwa hiyo hawezi kukishika. Stan hajawahi kuambiwa. Mtu ambaye hakupokea habari kwamba vita vimekwisha anaweza vilevile kuwa hakupokea habari kwamba kivuli si kitambaa, na dunia, kwa sekunde mbili tatu, inamheshimu kwa hilo. Ujinga uliomnyima nusu ya maisha unamlipa hapa kwa namna ambayo werevu wa Ollie hautalipwa kamwe. Tazama pia jinsi Laurel anavyokivuta kile kivuli: kwa wepesi wa mtu anayefanya kazi ya nyumbani. Angeonyesha hata chembe ya kujivunia, kitendo kingeharibika.

Kisha tunaingia ndani ya nyumba, na filamu inabadilisha saa.

Mke wa Ollie, anayechezwa na Minna Gombell, anarudi, anamkuta mgeni, anakataa kumpikia na kuondoka kwa hasira. Ollie anaamua kupika mwenyewe. Gesi imefunguliwa bila kuwashwa, kiberiti kinaletwa, jiko linalipuka. Jirani, Bi Gilbert, anayechezwa na Patricia Ellis, anakuja kusaidia, analoweshwa nguo, anavaa pajama za Ollie, na mke anaporudi inabidi jirani afichwe ndani ya sanduku. Mume wa jirani, anayechezwa na Billy Gilbert, ni mwindaji wa wanyama wakubwa, ana bunduki na ana wivu. Mkasa huu waliwahi kuutumia katika Unaccustomed As We Are ya 1929, filamu yao ya kwanza yenye sauti, ambapo mume wa jirani alikuwa polisi.

Hakuna ubaya wa kurudia mkasa. Ubaya uko kwenye mwendo. Kichekesho cha milango, cha mwanamke aliyefichwa na mume anayebisha hodi, kinaishi kwa haraka: mtu aingie huyu anapotoka yule, uongo utungwe kabla swali halijaisha. Kinahitaji watu wenye akili nyepesi walio katika hatari ya kufumaniwa. Stan si mtu huyo. Kila anapongoja, kila anaposhangaa, mtambo wa milango unasimama kumngoja, na kungoja kwake, ambako nje kulikuwa ndio uhai wa filamu, humu ndani kunakuwa kizuizi. Billy Gilbert anajitahidi kwa kelele zake maarufu, Gombell ana makali ya kutosha, lakini wote wanacheza mchezo ambao kanuni yake imekwisha kupingwa na dakika 35 zilizotangulia. Hapo ndipo ninapokubaliana na hukumu ya kawaida. Sababu tu ndiyo tofauti: hawajachoka, wamehamia kwenye saa isiyo yao.

Mwisho nao ni wa kuazima. Mwindaji anawafukuza na bunduki katika uchochoro kati ya majengo mawili, anafyatua, na kutoka kila dirisha wanaruka wanaume walioshtushwa na risasi, wakidhani ni wao waliofumaniwa. Inachekesha kila nikiiona. Lakini ilikwisha kutumika katika We Faw Down ya 1928, na haina uhusiano wowote na handaki, na mguu, wala na ngazi. Laurel alikuwa na mwisho mwingine: vichwa vya wawili hao vikiwa vimetundikwa ukutani kwa mwindaji kama vichwa vya swala, Ollie akimlaumu Stan kwa kumwingiza matatani. Roach aliukataa. Nadhani alikosea. Picha ile ingeirudisha filamu kwenye mantiki yake yenyewe: watu wawili wasioweza kusogea tena, hawana la kufanya ila kukaa pamoja na kulaumiana milele.

Kukataliwa kwa mwisho ule hakukuwa jambo dogo la siku moja. Laurel na Roach walikuwa wakivutana kwa muda mrefu kuhusu nani mwenye sauti ya mwisho, na Agosti ileile filamu ilipotoka Roach aliuvunja mkataba wa Laurel. Hardy alicheza Zenobia ya 1939 akiwa na Harry Langdon, ambaye alikuwa mmoja wa waandishi wa Block-Heads. Mambo yakasuluhishwa, wawili wakarudiana, wakafanya A Chump at Oxford na Saps at Sea kwa Roach, zote zikatoka 1940, kisha wakaondoka kwenda kutafuta uhuru zaidi.

Hawakuupata. Great Guns ya 1941, waliyoifanya 20th Century Fox, inawavalisha tena sare za jeshi, na kwa hiyo inalinganishika na Block-Heads moja kwa moja. Sura ni zilezile, sauti zilezile, majina yaleyale. Lakini Laurel hakuruhusiwa kuandika wala kuingia chumba cha uhariri, na ukiitazama siku moja na Block-Heads utaliona pengo kwa macho. Ollie akimaliza sentensi, picha inakatwa. Stan akianza kushangaa, mtu mwingine anaongea. Hakuna kopo linaloachwa lianguke mpaka chini, hakuna uso unaoachwa ufikiri. Studio ile ilimiliki waigizaji wawili mashuhuri kuliko wengi duniani, ikawaandikia mistari ya mzaha waitamke upesi, na ikawanyima kile kitu kimoja ambacho Stan, ndani ya handaki lake, alikuwa nacho kuliko askari yeyote.